Mwendo wa Kituo kwa Kituo: Mazoezi kwa Wenye Magonjwa Sugu ya Mapafu

Magonjwa sugu ya mapafu ni jina la jumla la maradhi yanayodumu kwa miaka na kupunguza uwezo wa kupumua, kama vile pumu, makovu yanayobaki baada ya kifua kikuu kupona, na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, yaani hali ambayo mirija ya mapafu imekuwa myembamba kiasi kwamba hewa huingia lakini hutoka kwa shida. Mkoani Tabora visababishi vyake haviko mbali na maisha ya kila siku, kwa kuwa chakula hupikwa kwa kuni na mkaa, na katika wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge tumbaku hukaushwa katika mabani, yaani vibanda vya kukaushia, ambavyo moto wake huchochewa usiku na mchana. Tanzania, kwa upande mwingine, imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na aliyemaliza dawa na kupona anaweza kubaki na mapafu yenye makovu yasiyotanuka vyema.

Mgonjwa wa namna hiyo hutweta anapotembea, na kwa kuwa kutweta kunatisha, huamua kukaa. Hapo ndipo madhara ya pili yanapoanza, kwani msuli usiotumika husinyaa, na msuli dhaifu huchoka mapema na kudai hewa nyingi kwa kazi ileile ndogo, hivyo safari ya kwenda kisimani iliyokuwa rahisi mwaka jana huwa nzito mwaka huu hata kama mapafu hayajaharibika zaidi. Mazoezi hayafuti kovu wala hayatanui mirija iliyoharibika. Yanachorudisha ni nguvu ya miguu, ambayo humwezesha mtu kufanya mengi kwa pumzi chache alizonazo.

Tiba inayojengwa juu ya msingi huo huitwa utengamao wa mapafu, nayo huunganisha mazoezi yaliyopimwa na elimu juu ya ugonjwa. Jijini Kampala, watafiti waliwapitisha katika programu ya wiki 6 watu waliobakiwa na madhara ya kifua kikuu, wakaona kwamba umbali walioweza kutembea uliongezeka, bila mitambo ya gharama kubwa.

Mazoezi hayo hutaka mwendo ugawanywe katika vituo, na namna hiyo si ngeni Unyanyembe, yaani eneo la Tabora. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 iliondoka alfajiri, ikapiga kambi kabla ya jua kuwa kali, na hatua zake ziliongozwa na kirangozi, yaani mpagazi aliyetangulia mbele. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, walioondoka pwani Juni 1857, walifika Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, mwezi Novemba. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba mizigo ya takriban kilo 30, walijua kwamba safari ndefu humalizwa kwa vituo.

Mgonjwa naye huanza kwa kupimwa umbali anaoweza kutembea kwa dakika 6 katika njia tambarare, akiruhusiwa kusimama na kupumzika, na ongezeko la mita 30 hivi katika kipimo cha baadaye huhesabiwa kuwa nafuu ya kweli. Kasi inayofaa ni ile inayomfanya aheme lakini bado aweze kusema sentensi fupi. Akizidiwa, husimama, huinama kidogo akiegemea ukuta au shina la mwembe, na kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kwa sababu kubana huko huzuia mirija dhaifu isijifunge kabla hewa haijatoka. Huanza na dakika 5 za kutembea asubuhi, siku kadhaa kila wiki, nazo zikizoeleka huongezwa taratibu, na mwenye dawa ya kuvuta huwa nayo mkononi. Mwenye kifua kikuu ambacho bado kinaambukiza, anayekohoa damu, au anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu au midomo ya rangi ya buluu, hapaswi kuanza wala kuendelea kabla ya kuonana na daktari.

Kikwazo kigumu kuliko mapafu mara nyingi ni huruma ya nyumbani, kwa maana jamaa humwambia mzee apumzike, humnyang'anya jembe na ndoo, na kumpokonya pamoja navyo kazi ndogo zilizokuwa zikimlinda. Ushawishi wenye matunda hauanzi kwa neno mazoezi, ambalo wengi hulihusisha na vijana wa uwanjani, bali kwa kumuuliza mgonjwa ni wapi angependa kufika tena kwa miguu yake, iwe sokoni, msikitini, kanisani au shambani, kisha kuigawa njia hiyo katika vituo vyenye kivuli. Jamaa anayemfuata kwa hatua zake bila kumharakisha, na bila kumrudisha nyumbani kila anapotweta, ndiye anayeshika nafasi ya kirangozi.