Zile Elfu Mbili za Mama Zilifika?

Yuko mama mmoja anayefagia ofisi zetu. Septemba 2016, siku chache baada ya tetemeko la ardhi la Kagera, nilipitisha bahasha ya mchango, naye akafungua pindo la khanga akatoa shilingi elfu mbili. Desemba 2023 nikapita tena na bahasha, safari hii kwa ajili ya watu wa Hanang' waliofukiwa na tope. Mama akaegemea ufagio wake. "Mwanangu, zile za Bukoba zilifika?"

Nikasema zilifika. Nilichokijua ni kwamba zilifika benki.

Tukumbushane. Tetemeko lile la Septemba 10, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Ikatangazwa akaunti ya Kamati Maafa Kagera. Mwezi haujaisha, Rais wa wakati ule, John Magufuli, akatengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa maelezo kwamba imefunguliwa akaunti nyingine yenye jina hilo hilo. Januari 2017 akawaambia wananchi waziwazi kuwa Serikali haitamjengea kila mtu nyumba, bali itarudisha majengo ya umma, zikiwamo shule.

Hapo pana mambo mawili ambayo mitaani tunayachanganya. Kuiba mchango ni jinai. Kuupeleka mchango kwenye shule si wizi, maana hata mtoto wa aliyebomokewa atasoma humo. Lakini mtoaji aliombwa kwa picha ya bibi aliyeketi nje ya kifusi. Hakuna aliyemwonyesha picha ya bweni. Matumizi yakibadilika, aambiwe, tena mapema.

Utasema Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu yupo. Yupo, na kazi yake naiheshimu. Ila hesabu kalenda: fedha ya Septemba 2016 imo katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2017, na ripoti ya mwaka huo hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi 2018. Ni mwaka mmoja na nusu. Aliyelala chini ya turubai hawezi kuungoja ukaguzi huo.

Na hiyo ni fedha taslimu, ambayo angalau benki inayo kumbukumbu yake. Mabati, saruji, unga na mablanketi vina leja ya mtunza ghala tu. Tuseme lori limepakia mifuko 600 Dar es Salaam. Nani kaihesabu ilipopokelewa, na nani katia saini ilipotoka ghalani kwenda kijijini? Hati ya kupokelea ikikosekana mahali pamoja, mifuko 40 huyeyuka na hakuna wa kuulizwa.

Dawa ninayoiamini haina gharama kubwa: orodha ya waliopewa, na kiasi cha kila mmoja, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kijiji. Jirani anajua nyumba ipi ilianguka na ipi ilipata ufa tu. Mkaguzi kutoka mjini hajui hilo. Wakubwa wengine wataniambia orodha huleta fitina. Huleta, nakubali, lakini fitina ya kukosa orodha naijua pia.

Yote haya nilimweleza mama pale ngazini. Akasikiliza mpaka mwisho, akafungua pindo, akatia bahashani shilingi elfu moja.