Chumba cha hadubini ya leza: Kwa nini joto tulivu ni muhimu kuliko baridi kali

KIFAA cha maabara kilichonunuliwa kwa mamilioni mengi ya shilingi kinaweza kutoa picha zisizoaminika, au kuharibika kabla ya wakati wake, kwa sababu tu chumba kilimowekwa hakipozwi ipasavyo. Hatari hiyo huikabili hasa hadubini ya leza, chombo kinachotumiwa na watafiti wa magonjwa kuchunguza seli na vimelea.

Hadubini ya kawaida huangaza kielelezo chote kwa taa. Ile ya leza humulika nukta moja baada ya nyingine kwa mwali mwembamba, kisha kompyuta huziunganisha nukta hizo kuwa picha. Wazo la kutazama nukta kwa nukta lilibuniwa na Mmarekani Marvin Minsky, aliyeomba hataza mwaka 1957, miaka mitatu kabla ya leza ya kwanza duniani kuwashwa.

Tatizo la joto huanzia kwenye leza yenyewe. Leza za gesi ya agoni, ambazo kwa miongo kadhaa ndizo zilizotumika sana katika hadubini hizo, humeza zaidi ya wati 1,000 za umeme ili kutoa mwanga usiofikia hata wati 1. Umeme uliobaki wote hugeuka kuwa joto, ambalo feni hulisukuma nje ya mashine. Ikiwa joto hilo halina njia ya kutoka chumbani, hali huwa sawa na kuwasha pasi ya umeme humo kutwa nzima. Leza mpya za daiodi hutumia umeme kidogo zaidi, lakini nazo hupoteza uthabiti wa mwanga wake zinapopata joto kupita kiasi.

Athari ya pili haionekani kwa macho. Metali hutanuka inapopata joto. Kipande cha alumini chenye urefu wa sentimita 10 hurefuka kwa zaidi ya maikromita 2 joto linapopanda kwa nyuzi 1 tu ya Sentigredi. Kiasi hicho ni kidogo mno katika maisha ya kila siku, ila chembe nyekundu ya damu, ambamo kimelea cha malaria hujificha, ina upana wa maikromita 7 hadi 8 tu. Aidha, lenzi zenye nguvu kubwa huona vizuri tabaka lisilofikia unene wa maikromita 1. Mtafiti anayefuatilia seli kwa saa kadhaa akiona imesogea, atashindwa kujua kama ni seli iliyotembea au ni chuma kilichotanuka.

Ndiyo maana jambo la kwanza linalotakiwa ni joto lisilobadilika. Aghalabu vyumba hivyo huwekwa kati ya nyuzi 20 na 24, na joto halitakiwi kupanda wala kushuka kwa zaidi ya nyuzi 1 au 2. Kiyoyozi kinachowaka kwa kishindo na kuzima kila baada ya dakika chache kinaweza kuvuruga kazi kuliko chumba chenye joto la wastani lililotulia. Vilevile, hewa yake haipaswi kupuliza moja kwa moja juu ya hadubini.

Hesabu ya kiyoyozi hufanywa kwa kujumlisha vyanzo vyote vya joto. Mathalani, leza ya wati 1,500, kompyuta ya wati 300 na watu wawili, ambao kila mmoja hutoa takriban wati 100, hufikisha wati 2,000. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa takriban wati 3,500, lakini jua linalopiga paa na kuta nalo huongeza mzigo wake. Njia iliyo nafuu ni kulitoa joto kabla halijaenea: vifaa vya kuendeshea leza huhamishiwa chumba cha pembeni na mwanga kupitishwa katika uzi wa kioo, au hewa ya moto huelekezwa nje kwa bomba.

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, unyevu ni adui mwingine. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hufanya umande juu ya kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 25 hivi. Lenzi inayotolewa ghafla katika chumba baridi hulowa papo hapo. Kuzima kiyoyozi mwishoni mwa wiki ili kuokoa umeme hukaribisha unyevu, na kuvu ikishaota juu ya kioo inaweza kukiachia makovu ya kudumu.

Umeme unapokatika, hatari huongezeka. Leza ya gesi huhitaji feni iendelee kuzunguka kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Feni ikisimama ghafla, mrija wake unaweza kuungua. Betri ya akiba inayoendesha leza huku kiyoyozi kikiwa kimezimika nayo hukipasha chumba joto haraka, hivyo swichi ya kuzima leza joto linapozidi ni kinga ya lazima.

Kwa hiyo, taasisi inayonunua au kupewa msaada wa hadubini ya leza haina budi kuweka gharama za kiyoyozi, umeme wa akiba na matengenezo katika bajeti ileile ya kifaa, kabla sanduku halijafunguliwa.