Lenzi pana za zamani: jina moja, thamani tofauti

Biashara ya kamera za filamu haikufa, ingawa wengi waliizika Januari 2012 kampuni ya Eastman Kodak ilipoomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Filamu bado zinatengenezwa, na mwaka 2024 Ricoh ilileta sokoni kamera mpya ya filamu, Pentax 17. Lakini lenzi nyingi zinazotafutwa na wenye kamera za zamani hazitoki tena kiwandani. Zinapatikana kwa mkono wa pili tu, na hapo ndipo mwenye mtaji mdogo hupata faida au huzika fedha zake.

Hasara kubwa katika lenzi pana haitokani na bei kupanda au kushuka. Hutokana na kununua jina. Anayeagiza gari lililotumika kutoka Japani husoma namba ya chesisi kabla ya kusifu rangi. Lenzi nayo yataka kusomwa hivyo hivyo.

Kamera kwanza

Swali la kwanza ni kamera gani itavaa lenzi hiyo. Kampuni nyingi zilikuwa na mifungo yao. Nikon imetumia mfungo wa F tangu 1959, lakini mwaka 1977 ilibadili namna lenzi inavyoiarifu kamera ukubwa wa tundu la mwanga. Lenzi ya kabla ya hapo ambayo haikurekebishwa inaweza kuharibu kijiwiko kidogo kwenye mdomo wa kamera ya FM2. Kamera za FM na FE zina kijiwiko kinachokunjwa, hivyo huipokea bila madhara. Mfanyabiashara asiyemuuliza mteja ana kamera gani huenda akauza ugomvi badala ya lenzi.

Swali la pili ni upana. Katika filamu ya milimita 35, lenzi ya mm 35 huona nyuzi 63 hivi, ya mm 28 nyuzi 75, ya mm 24 nyuzi 84 na ya mm 20 nyuzi 94. Ya mm 20 huvuta nyuso za watu waliosimama pembeni mwa picha, na si kila mpiga picha anaihitaji. Ya mm 28 inatosha kwa kundi la watu ndani ya chumba, mtaa na jengo, nayo ilitengenezwa kwa wingi. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo bidhaa iliyo rahisi kuipata na rahisi kuiuza.

Lenzi tatu za mm 28

Nikon peke yake inatoa somo la kutosha. Kuna lenzi tatu za mm 28 zenye tundu la 2.8, zote zikichukua filta ya mm 52, na kwa mbali zinafanana.

Ya kwanza ni Nikkor ya aina ya Ai, yenye vioo 7. Hukaribia kitu hadi sentimita 30. Ya pili ni Series E, iliyotolewa 1979 kwa wanunuzi wa bei nafuu. Ina vioo 5 na haikuandikwa Nikkor. Ya tatu ni Ai-S, iliyoanza 1981. Ina vioo 8, hukaribia hadi sentimita 20, na baadhi ya vioo vyake husogea peke yao ili picha ya karibu isipoteze ukali. Hii ya tatu ndiyo inayosifiwa zaidi na wapiga picha.

Muuzaji anayetangaza "Nikon 28 mm 2.8" hajasema kitu. Mnunuzi na atazame pete ya umbali: ikiishia 0.2, ni Ai-S. Ikiishia 0.3, ni moja ya zile mbili, na bei ya Ai-S haiihusu.

Kuvu hula mtaji

Baada ya aina, hali. Tochi ipitishwe ndani ya kioo tundu likiwa wazi. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Kuvu husafishika, lakini likikaa muda mrefu hula rangi ya kinga ya kioo na alama haitoki. Vumbi kidogo halina neno. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni mbaya kuliko wa kioo cha mbele. Mafuta kwenye mabamba ya tundu, au pete nzito kuzunguka, ni kazi ya fundi.

Fundi naye ana gharama. Kwa hesabu ya mfano, lenzi iliyonunuliwa Sh 150,000, ikalipiwa usafiri na ushuru Sh 40,000 na usafishaji Sh 60,000, imefika Sh 250,000. Ikiwa lenzi safi ya aina hiyo inauzwa Sh 230,000, ile "ya bei ya kutupa" imekula Sh 20,000 kabla mteja hajaiona.

Wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar wana adui wa ziada, nao ni unyevu wa pwani. Mikoba ya ngozi huhifadhi unyevu. Chombo kinachofunga vizuri, chenye vifuko vya kukaushia, ni bima rahisi kwa mali inayosubiri mnunuzi.

Wanunuzi wa aina mbili

Kilichobadilisha soko ni kamera za dijitali zisizo na kioo cha kuakisi ndani. Tangu Sony ilipotoa a7 mwaka 2013, mwenye kamera ya eneo zima la milimita 35 aliweza kufunga karibu lenzi yoyote ya zamani kwa adapta ya kawaida. Canon FD, zilizoachwa nyuma Canon ilipohamia mfungo wa EF mwaka 1987, zikapata wateja upya.

Kwa hiyo lenzi safi, ya aina inayojulikana, sasa ina milango miwili ya kutokea. Yenye kuvu, au isiyojulikana ni ipi, haina hata mmoja. Mwenye mtaji wa lenzi tatu atafanya vyema kununua moja iliyokaguliwa, na kuziacha mbili za kubahatisha kwa wengine.