Kunguni: Mdudu Aliyezizoea Dawa

Vyandarua vilivyotiwa dawa vilipoanza kutumika katika vijiji vya mkoa wa Tanga, wanakijiji waligundua faida ambayo wataalamu wa malaria hawakuikusudia: kunguni walitoweka vitandani. Kwa mtu aliyelala miaka mingi akijikuna, faida hiyo huonekana upesi kuliko ile ya kupungua kwa homa, na si ajabu akikipenda chandarua chake kwa sababu hiyo kwanza. Baada ya miaka kadhaa kunguni walirejea. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002 ulieleza sababu. Kunguni waliokusanywa katika nyumba zilizotumia vyandarua hivyo walistahimili permethrini na alfasaipermethrini, yaani dawa zile zile zilizotiwa katika vyandarua, kuliko kunguni waliotoka mahali ambapo vyandarua hivyo havikutumika.

Jambo hili si dogo. Mwanakijiji aonaye kunguni wakitambaa juu ya chandarua huamua kwamba dawa imekwisha nguvu. Akikikunja na kukitupa pembeni, hubaki bila kinga ya mbu aenezaye malaria. Chandarua kisichotoboka, hata kama hakina dawa, humzuia mbu asimfikie mlalaji. Kunguni hakimzuii, kwa kuwa yeye yumo ndani tayari, katika nyufa za kitanda na mishono ya godoro.

Kwanza asichanganywe na papasi, kama wafanyavyo wengi. Papasi ni jamaa ya kupe, naye akiwa mzima ana miguu minane. Kunguni ni mdudu hasa, mwenye miguu sita. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mwaka 1905 Dutton na Todd, wakifanya kazi Kongo, walithibitisha kwamba papasi hueneza homa ya kurudia, na Dutton alifariki huko huko mwaka huo. Kunguni, kinyume chake, hajathibitishwa kumwambukiza binadamu ugonjwa wowote katika maisha ya kawaida. Zamani alishukiwa sana kueneza homa ya ini aina ya B. Huko Gambia nyumba zilipuliziwa dawa ili kuwaondoa kunguni, kisha watoto wakapimwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kuwa maambukizo hayakupungua. Hata hivyo, mtu asidhani kwamba kunguni hana madhara. Humkosesha mtu usingizi, humtia vipele, na vidonda vya kujikuna huingiwa na vijidudu vingine. Tena fedheha yake ni kubwa, ingawa haina msingi: kunguni hatafuti uchafu, hutafuta damu, na kitanda safi chamfaa sawasawa na kitanda kichafu.

Aina mbili ndizo zilizozoea kuishi na binadamu. Cimex lectularius hupendelea nchi za baridi, na Cimex hemipterus hupendelea nchi za joto, ukiwamo mwambao wetu. Zote mbili zina mwili bapa, wenye urefu wa milimita 5 hadi 7, ambao huingia katika ufa usiopitisha zaidi ya unene wa karatasi ngumu. Kunguni hana mbawa za kurukia. Zimebaki vipande viwili vidogo mgongoni. Popote afikapo amebebwa na mtu, katika sanduku, kikapu, godoro au kitanda kilichonunuliwa kwa mwingine.

Jike hutaga mayai machache kila siku, meupe, yenye urefu wa milimita moja hivi, akiyagandisha kwa gundi katika nyufa. Yai likianguliwa hutoka tunutu aliyefanana na wazazi wake, ila ni mdogo na rangi yake imepauka. Tunutu hupita hatua tano, na katika kila hatua hana budi kunywa damu kabla ya kuambua ngozi. Penye joto la kutosha na chakula tele, safari yote kutoka yai hadi mdudu mzima huweza kumalizika kwa majuma matano hivi. Pasipo na chakula husubiri. Mdudu mzima huweza kukaa miezi kadhaa bila kula, na mahali pa baridi hata zaidi ya mwaka. Kwa sababu hiyo bweni lililofungwa mwezi mmoja wa likizo halimwui kunguni kwa njaa. Humwongezea hamu tu.

Usiku huongozwa na joto la mwili na hewa ya kaboni dioksaidi itokayo puani mwa mlalaji. Mdomo wake ni mrija mwembamba wenye njia mbili: moja hupitisha mate, nyingine huvuta damu. Mate yana kemikali ziizuiazo damu isigande, pamoja na protini iliyobeba gesi ya naitriki oksaidi, ambayo huitanua mishipa ya damu. Mlo huchukua dakika 5 hadi 10, kisha mdudu hurudi maficho akiwa amevimba. Lakini damu peke yake ni chakula chenye upungufu, hasa wa vitamini B. Mwaka 2010 wanasayansi wa Japani walionyesha kuwa upungufu huo huzibwa na bakteria aitwaye Wolbachia, akaaye katika kiungo maalumu mwilini mwa kunguni. Bakteria hao walipouawa kwa dawa, kunguni walidumaa na uzazi ukaharibika. Walipoongezewa vitamini B katika damu, wakastawi tena.

Namna yao ya kupandana ni ya ajabu, na mwalimu wa baiolojia hana sababu ya kuiruka. Dume haitumii njia ya uzazi ya jike. Humtoboa tumbo kwa kiungo kilichopinda kama mundu na kumwaga mbegu humo, nazo husafiri katika damu mpaka kwenye mayai. Jike amejipatia, mahali hasa patobolewapo, kiungo chenye seli za kupambana na vijidudu viingiavyo kwa jeraha. Hata hivyo, jike apandwaye mara nyingi mno hufa mapema. Katika mapango ya Mlima Elgon, nchini Kenya, yuko jamaa yake anyonyaye damu ya popo, Afrocimex constrictus. Miongoni mwa hao hata madume hutobolewa na madume wenzao.

Turudi kwenye dawa. Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT huua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Mwaka 1947, kabla hata tuzo haijatolewa, kunguni wa kambi za Pearl Harbor, Hawaii, walikwisha onekana kuwa sugu. Permethrini na jamaa zake zilitengenezwa baadaye kwa kuiga sumu ya asili ya ua la pareto, lile lilimwalo katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Bahati mbaya, DDT na dawa hizo hushambulia mahali pamoja: vilango vya neva vipitishavyo sodiamu. Kilango kikibadilika umbo kwa mabadiliko ya kinasaba, sumu zote mbili hukosa pa kushika. DDT basi iliweza kuwachagua mapema wazazi wa kunguni ambao pareto ya viwandani haiwatishi. Wengine wana ngozi nene zaidi, ambayo dawa hupenya polepole.

Joto halijapata mpinzani wa namna hiyo. Katika nyuzi 48 za Sentigredi kunguni mzima hufa kwa dakika 20 hivi. Mayai huhitaji zaidi ya dakika 70. Maji yachemkayo hupita kipimo hicho kwa mbali, kwa hiyo vitanda vya mbao na chuma vimwagiwe katika kila kiungio, na shuka zichemshwe. Godoro kulianika juani husaidia kidogo tu, kwani ndani yake joto halifiki, na kunguni huhamia upande wa kivuli. Kazi irudiwe baada ya majuma mawili, ili waliotoka katika mayai yaliyosalia wasipate muda wa kutaga. Katika bweni vitanda vyote vishughulikiwe siku moja; atakayeachwa ndiye atakayewagawia wenzake. Nyufa za ukuta zizibwe.

Ipo njia nyingine ya kale, iliyotumika katika nchi za Balkani: majani ya maharage yalitandazwa sakafuni usiku, na asubuhi yakakusanywa na kuchomwa pamoja na kunguni walionaswa. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliyatazama majani hayo kwa hadubini yenye nguvu, wakaona vinyweleo vilivyopinda kama ndoana vikiwa vimechoma miguu ya mdudu na kumshikilia. Walijaribu kutengeneza ndoana za namna hiyo kwa plastiki, kwa umbo lile lile. Kunguni walikwama kidogo, kisha wakajinasua na kwenda zao.