Funzo Linalochelewa: Namna Ubongo Unavyojifunza Kutokana na Uamuzi wa Kila Siku

Mtoto akiligusa jiko la mkaa linalowaka, somo huisha palepale. Atalia, atapulizwa kidole, na tangu siku hiyo atapita mbali na jiko bila kukumbushwa. Mtu mzima aliyeambiwa kliniki apunguze chumvi huitikia vizuri, huahidi, na jioni kabla hata hajaonja mchuzi mkono wake unakwenda kwenye kichupa. Wa kwanza hajaelezwa lolote kuhusu moto, wa pili ameelezwa kila kitu. Kinachowatenganisha ni muda unaopita kati ya tendo na matokeo yake. Ubongo wa binadamu, kama ulivyo wa wanyama wengi, hujifunza kwa wepesi pale muda huo unapokuwa mfupi, na hupata taabu kubwa unaporefuka.

Kazi ya kujifunza huanza na matarajio. Kabla ya karibu kila tendo, ubongo hubashiri kitakachofuata, kisha hupima tofauti kati ya ubashiri huo na kilichotokea kweli. Wolfram Schultz, mtafiti aliyefanya kazi Fribourg nchini Uswisi, aliliona jambo hili kwa kurekodi seli za ubongo wa kima zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Kima alipopewa juisi asiyoitarajia, seli hizo zilifyatua ishara. Alipozoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, ishara ilihamia kwenye taa, na juisi yenyewe ikawa haizishtui tena. Taa ilipowaka na juisi isije, seli zilinyamaza katika sekunde ileile ambayo juisi ilipaswa kufika. Mwaka 1997, Schultz pamoja na Peter Dayan na Read Montague waliyaeleza matokeo hayo kwa hesabu: dopamini hubeba habari ya kosa la ubashiri. Kinachokwenda kama kilivyotarajiwa hakifundishi kitu.

Magazeti hupenda kuiita dopamini kemikali ya raha. Jina hilo linapotosha, kwa sababu ukimya wa seli hizo ni somo sawa na kelele zake: kelele husema jambo limekuwa jema kuliko ilivyodhaniwa, na ukimya husema limekuwa baya kuliko ilivyodhaniwa. Kwa binadamu, ushahidi mzuri umetoka kwa wagonjwa wa Parkinson, ambao ubongo wao una upungufu wa dopamini. Mwaka 2004, Michael Frank na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba wagonjwa hao wakiwa hawajatumia dawa walijifunza zaidi kutokana na makosa yao, na wakiwa wametumia dawa inayoongeza dopamini walijifunza zaidi kutokana na mafanikio. Namna mtu anavyojifunza ilibadilika kwa kidonge.

Ubongo hauna shule moja, na si kila somo hupita kwenye kumbukumbu anayoweza mtu kuisimulia. Daktari Édouard Claparède wa Geneva aliandika mwaka 1911 kuhusu mgonjwa wake mwanamke ambaye hakuweza kushika kumbukumbu mpya. Kila walipokutana ilibidi daktari ajitambulishe upya. Siku moja alificha pini mkononi, akamsalimu, akamchoma. Baadaye mwanamke yule hakumkumbuka daktari wala tukio, lakini alikataa kabisa kumpa mkono, na hakuweza kueleza sababu iliyomhusu yeye mwenyewe. Jaribio la namna hiyo lisingepita leo mbele ya kamati yoyote ya maadili. Hata hivyo lilifungua mlango wa jambo lililothibitishwa baadaye: hofu ya kitu kilichoumiza hutegemea zaidi amigdala, na kumbukumbu ya lini na wapi hutegemea hipokampasi, sehemu mbili zinazokaa jirani ndani ya ubongo. Moja ikiharibika, nyingine huweza kuendelea na kazi.

Kinyume chake nacho hutokea: mtu akajua na asijifunze. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao walibuni mchezo wa karata wenye mafungu manne, wakauchapisha mwaka 1994. Mafungu mawili yalitoa faida kubwa na hasara kubwa zaidi, na mawili yalitoa faida ndogo lakini mwisho wake ni kubaki na akiba. Watu wenye afya waliyahama mafungu mabaya baada ya kupoteza mara kadhaa. Wagonjwa walioumia sehemu ya chini ya ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, waliendelea kuyachagua, na wengine wao waliweza kueleza kwa ufasaha kwamba mafungu hayo yanafilisi. Vipimo vya jasho la ngozi vilionyesha kwamba watu wenye afya walianza kutokwa na jasho kidogo kabla ya kugusa fungu baya, na wagonjwa hawakutokwa nalo. Watafiti bado wanabishana kuhusu jasho hilo lilitangulia ufahamu kwa kiasi gani. Lisilobishaniwa ni kwamba kueleza hatari na kuihofia ni kazi mbili tofauti za ubongo.

Suala la muda lina historia ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19, Edward Thorndike alifungia paka kwenye visanduku vya mbao na kuweka samaki nje. Paka alihangaika hadi akavuta kamba kwa bahati, mlango ukafunguka. Kadiri majaribio yalivyorudiwa, alitumia muda mfupi zaidi kuufungua mlango. Kutoka hapo ikaonekana kwamba tendo linalofuatwa na jambo zuri hurudiwa, na linalofuatwa na maumivu huachwa, mradi malipo yasichelewe. Kwa miongo mingi wanasaikolojia waliamini kwamba kuchelewa kwa dakika chache tu kunatosha kufuta somo.

John Garcia aliwavurugia hesabu hiyo. Mwaka 1955, akifanya kazi kwenye maabara ya mionzi ya jeshi la wanamaji la Marekani huko San Francisco, alieleza jinsi panya waliokunywa maji yaliyotiwa sakarini huku wakipigwa mionzi walivyoyakataa maji hayo siku zilizofuata. Mionzi ilikuwa imewachafua tumbo, nao wakailaumu ladha. Majaribio yaliyofuata yaliongeza la kushangaza: ladha na ugonjwa viliweza kutenganishwa kwa saa kadhaa na bado somo likashika, tena mara nyingi kwa tukio moja tu. Zaidi ya hapo, mwaka 1966 Garcia na Robert Koelling waliwapa panya maji yenye ladha yaliyoandamana na mwanga na kelele. Panya waliougua baadaye waliiogopa ladha na hawakujali mwanga. Waliopigwa umeme waliuogopa mwanga na kelele, wakaendelea kuipenda ladha. Baadhi ya majarida yalizikataa makala za Garcia kwa kuwa hazikuendana na kilichofundishwa vyuoni. Leo jambo hilo limo kwenye vitabu vya kiada.

Yeyote aliyewahi kula chips mayai za barabarani usiku, akaamkia chooni, anaijua hali hiyo. Harufu ya mafuta yaleyale humgeuza roho kwa miezi, hata kama kilichomuumiza kilikuwa kachumbari au maji ya kunawia. Kabla ya maabara na mikroskopu, mnyama aliyeweza kukumbuka chakula kilichomdhuru saa sita zilizopita aliishi akazaa. Asiyekumbuka hakuacha uzao. Tumbo limepewa mkataba wa pekee na ubongo. Mishipa ya damu, mapafu na figo havikupewa.

Hapo ndipo maradhi mengi ya sasa yanapopata upenyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kikijumlisha chumvi yote iliyo ndani ya mkate, sosi na vitafunwa, na wastani wa dunia ni takriban mara mbili ya hapo. Chumvi iliyozidi hupandisha shinikizo la damu polepole bila kuuma. Duniani watu wazima zaidi ya bilioni 1.2 wana shinikizo la juu, na karibu nusu yao hawajui. Mlo wa leo umelipwa papo hapo kwa utamu. Gharama yake, kiharusi kwa mfano, huenda ikaja baada ya miaka 20, na siku hiyo hakuna seli ya dopamini itakayoweza kuiunganisha na kichupa cha chumvi.

Wakati mwingine ucheleweshaji huleta hasara ya pili, yaani somo la uongo. B. F. Skinner, mwaka 1948, aliwapa njiwa wenye njaa chakula kila baada ya sekunde kadhaa, bila kujali walichofanya. Mmoja akaanza kuzungukazunguka, mwingine akawa anasukuma kichwa kwenye pembe ya tundu, kila mmoja akirudia kile alichokuwa akifanya chakula kilipotokea. Binadamu naye hufanya hivyo akiwa na mafua. Mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, na mgonjwa hutafuta dawa siku ya tatu au ya nne, hali inapokuwa mbaya zaidi. Chochote atakachomeza siku hiyo, iwe tangawizi au antibiotiki aliyouziwa duka la dawa bila cheti, kitapewa sifa ya kumponya. Antibiotiki haiui virusi vya mafua. Lakini mwakani atairudia, kwa sababu uzoefu wake mwenyewe ndio uliomfundisha, na ni vigumu kubishana na mtu juu ya jambo alilolishuhudia.

Kwa kifua kikuu uzoefu hudanganya kwa upande wa pili. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na kikohozi na homa huweza kupungua ndani ya wiki chache. Mgonjwa anayeacha dawa mwezi wa pili hupata ushahidi wa kila siku kwamba amefanya sawa: anakula, analala, anarudi kazini. Bakteria waliosalia hawatoi taarifa. Wakirudi, wanaweza kurudi wakiwa wamejenga usugu. Wenye presha nao huacha vidonge na kuona hakuna kilichobadilika, kwa kuwa hata walipovitumia hawakuhisi lolote.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye kituo chochote cha bodaboda. Dereva akipanda bila kofia ngumu, karibu kila mara anafika. Safari mia moja salama ni masomo mia moja kwamba kofia ni joto na usumbufu wa bure. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliounganishwa pamoja unaonyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hesabu hizo hazionekani kwa mtu mmoja. Zinaonekana kwa muuguzi wa chumba cha dharura, ambaye hupokea kwa wiki moja kile ambacho dereva hakioni kwa maisha yake yote, na ndiyo maana sheria ya kofia haikusubiri kila dereva ajionee.

Hata baada ya ajali, somo huweza kupotea. Mtafiti Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba mtu akishaambiwa jambo lilivyoisha, huamini kwamba alilibashiri tangu mwanzo. Anayesema "nilijua tu" amefuta ile tofauti ya matarajio na tukio ambayo ubongo huihitaji ili ujifunze. Kuandika ubashiri kabla, hata kwenye daftari la matumizi ya nyumbani, humzuia mtu kujidanganya.

Dawa ya ucheleweshaji ni kuyasogeza matokeo karibu. Mashine ya kupimia presha nyumbani hufanya hivyo: kitu ambacho mwili haukisemi hugeuka kuwa namba asubuhi, na namba hiyo hupanda au kushuka kwa wiki. Njia nyingine ni kuacha kutegemea uamuzi, tendo likawa mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliochagua tendo moja dogo, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana, na kulifunga kwenye wakati maalumu wa siku. Kwa mtu wa katikati, tendo lilikuwa jambo la kujiendea baada ya siku 66; aliyewahi alichukua siku 18, na makadirio ya aliyechelewa yalifika siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Zile siku 21 zinazotajwa kila mahali zilitokana na kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura.

Njia ya tatu ni kujifunza kwa yaliyowapata wengine, na hapa takwimu hufanya kazi ambayo wazee waliifanya kwa methali. Watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwauliza wagonjwa wa hospitali za London kuhusu maisha yao wakati saratani ya mapafu ilipokuwa ikiongezeka. Doll alishuku lami ya barabarani. Majibu yakaelekeza kwenye sigara, na ripoti ikatoka mwaka 1950. Mwaka uliofuata walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wanaume zaidi ya 34,000, kazi iliyoendelea kwa miaka 50. Wavutaji walipoteza kwa wastani miaka 10 ya maisha. Walioacha wakiwa na miaka 60 walirudishiwa kama miaka 3, walioacha na miaka 50 kama 6, na walioacha na miaka 40 kama 9. Walioacha na miaka 30 walirudishiwa karibu yote 10.

Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Aliacha wakati akikusanya majibu ya wagonjwa, kabla ripoti ya kwanza haijachapwa na kabla mapafu yake hayajamwambia lolote. Alifariki mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 92.