MIWANI INAYOONYESHA YALIYOFICHIKA

Huenda baadhi ya wasomaji watashangaa kuikuta habari hii katika gazeti letu, maana habari za hedhi kwa desturi husemwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Lakini gazeti la shule ni la kuelimishana, na jambo linalompata kila msichana mwezi baada ya mwezi si jambo la kuachwa lisiandikwe. Nataka kueleza njia mpya ya kulifundisha, yaani kwa miwani ya uhalisia pepe. Nitasema jinsi inavyofanya kazi, faida yake, na mahali inapokomea.

Walivyofundwa bibi zetu

Kwetu Rungwe, mkoa wa Mbeya, zamani msichana akivunja ungo hakuachwa peke yake. Bibi Monica Wilson, mtaalamu wa mila aliyezaliwa Afrika Kusini, alikaa Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1957 alieleza jinsi msichana alivyowekwa ndani pamoja na wasichana wenzake, na wanawake wazima wakamfunda. Sisemi kwamba kila alilofundishwa lilikuwa la kweli, wala sisifu kuozwa mapema, maana mafundisho hayo yalielekea ndoa. Hata hivyo msichana yule alikuwa na mambo matatu ambayo wengi wetu hatuna: mahali pa faragha, watu wazima wa kuwauliza, na muda wa kusikiliza.

Sisi tumeachana na bibi na shangazi zetu, tumekuja kukaa bweni. Habari za uzazi tulizisoma katika Baiolojia tulipokuwa kidato cha tatu, tena kwa Kiingereza. Lakini wasichana wengi huvunja ungo kati ya miaka 10 na 15, wangali shule ya msingi au wameanza tu sekondari. Basi hedhi hutangulia, na elimu huja nyuma. Katika muda huo wa katikati mwalimu wetu ni minong'ono. Mimi nilisikia kwamba msichana aliye hedhini akipita katika shamba la maboga, maboga yataoza. Kwamba asichume mboga. Na kwamba maumivu ya tumbo hayana dawa ila kuzaa.

Watu wema wamejaribu kuliziba pengo hili. Marni Sommer, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani, aliwasikiliza wasichana wa Kilimanjaro, na kutokana na masimulizi yao kikatungwa kijitabu cha Kiswahili kiitwacho Vipindi vya Maisha. Kijitabu ni kitu chema, kwa kuwa msichana aweza kukirudia mara nyingi. Lakini picha iliyo juu ya karatasi imelala bapa. Mtoto asiyepata kuona kilichomo ndani ya mwili hawezi kujua kwa urahisi kipi kiko mbele, kipi kiko nyuma, na kipi kinakwenda wapi. Hapo ndipo miwani inapofaa.

Miwani hii ni kitu gani?

Msomaji, nyosha kidole kimoja mbele ya pua yako. Fumba jicho la kushoto, ukitazame kwa la kulia, kisha badili. Utaona kana kwamba kidole kinaruka upande. Hakikuruka. Kila jicho huona kutoka mahali pake, na ubongo huziunganisha picha mbili kuwa moja yenye kina. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone aliwaeleza wataalamu wenzake jambo hili kwa kifaa chenye vioo viwili. Alichora kitu kimoja mara mbili, kama kinavyoonwa na kila jicho, na mtazamaji akakiona kimesimama mbele yake kama kitu halisi.

Miwani ya uhalisia pepe hufuata kanuni hiyo hiyo. Ndani yake mna kioo cha picha kama cha simu, na mbele ya kila jicho mna lenzi. Jicho la kulia hupewa picha yake na la kushoto yake. Tena mna vipimo vidogo vinavyojua kila kichwa kinapogeuka. Ukitazama juu, picha huenda juu. Ukigeuka nyuma, waona yaliyo nyuma. Ubongo hukubali kwamba uko mahali pale. Mmarekani Ivan Sutherland aliunda miwani ya kompyuta ya namna hii mwaka 1968, nayo ilishikiliwa na mkono wa chuma uliotoka darini. Leo aina nyingine huvaliwa kichwani kama kofia, ila bei yake si ya shule kama yetu.

Iko njia ya maskini. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, ambalo simu hutiwa ndani yake. Kampuni iliacha kuliuza mwaka 2021, lakini vipimo vya kulikata na kulikunja viko wazi kwa yeyote. Sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo mwalimu wetu wa Baiolojia alitumia yake. Alikuwa amekwisha kuiwekea picha, na intaneti haikuhitajika. Tukaketi, tukaipokea mmoja mmoja, naye akatueleza kwa Kiswahili.

Tuliyoyaona

Kwanza ni mfuko wa uzazi. Kwa kweli hauzidi peasi dogo, na umbo lake ni kama peasi lililogeuzwa kichwa chini. Lakini katika miwani ni kama chumba, nawe umo ndani. Juu yake kuna mirija miwili, na karibu na ncha za mirija kuna vifuko viwili vya mayai, kila kimoja kidogo kuliko yai la njiwa. Kwa kawaida kila mwezi yai moja hupevuka na kutoka. Yai lenyewe ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Nukta iliyo mwisho wa sentensi hii ni kubwa kulipita.

Wakati huo huo ukuta wa ndani wa mfuko hujaa damu na kuwa mnene, ukijiandaa kuilea mimba. Mimba isipotungwa, homoni zilizoushikilia hupungua, na ukuta ule hubanduka na kutoka. Hiyo ndiyo hedhi. Si uchafu, si adhabu, wala hakuna kitu ndani yake kiwezacho kuozesha boga shambani. Kwa kawaida hudumu siku 2 hadi 7, na damu inayotoka kwa siku zote hizo ni kama vijiko viwili hadi vitano vya chakula, ingawa yaonekana nyingi zaidi. Maumivu nayo yana sababu: mfuko ni msuli, na kemikali za mwili huufanya ukaze ili kusukuma nje kilichobanduka.

Katika miaka ya kwanza mzunguko wa msichana haujatulia. Waweza kuwa siku 21, waweza kufika hata 45. Hili nalitia mkazo, maana wako wenzetu wanaodanganywa kwamba zipo siku za salama zinazoweza kuhesabiwa kwa vidole. Yai huishi kama siku moja tu, lakini mbegu za kiume zaweza kuishi hadi siku tano ndani ya mwili wa mwanamke. Msichana asiyejua yai litatoka lini hawezi kuhesabu kitu. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ulimruhusu msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito arudi shuleni, nasi twashukuru. Hata hivyo ni heri asikatize.

Nimeona faida moja ambayo kitabu hakiwezi kuitoa. Darasani, mchoro wa viungo vya uzazi ukichorwa ubaoni, kila msichana hutazama chini, akiogopa kuonwa anatazama. Aliyevaa miwani haoni nani anamtazama, wala mwingine hajui jicho lake limesimama wapi. Aweza kutazama atakavyo. Alipoivua, kila mmoja wetu alikuwa na swali, na hata wale wasionyosha mkono mwaka mzima waliuliza.

Mahali miwani inapokomea

Lakini maswali yale hayakujibiwa na miwani. Yalijibiwa na mwalimu. Nikikaa siku 40 bila kuona hedhi, je, ni ugonjwa? Nikishindwa kuinuka kwa maumivu, niende kwa nani? Picha huonyesha mwili wa watu wote, lakini aulizaye huuliza juu ya mwili wake. Kwa hiyo shule itakayonunua miwani na kumwacha msichana bila mtu wa kuzungumza naye imetupa fedha. Yafaa kila mmoja ajue kwamba iwapo damu inajaza pedi kila saa moja au mbili, au inapita siku 7, au maumivu yanamzuia kuingia darasani, au amefika miaka 15 bila kuvunja ungo, hapana budi aende kwa mganga. Aanze kwa matroni, asione haya.

Miwani yenyewe ina kasoro. Wengine hupata kizunguzungu, kwa sababu jicho husema mwili unakwenda na sikio la ndani husema umetulia. Basi ivaliwe kwa dakika chache, mtu akiwa ameketi. Na watakaotengeneza picha hizo wawaulize wasichana kwanza. UNICEF walifanya hivyo walipotunga programu ya simu iitwayo Oky, ya kuhesabu siku za hedhi. Waliitunga pamoja na wasichana wa Mongolia na Indonesia. Wa kwetu wakiulizwa, watataka sauti ya Kiswahili.

Tena kuna jambo ambalo miwani haiwezi kabisa. Shule yetu iko upande wa Mufindi, mkoa wa Iringa, ambako mwezi wa Juni na Julai ukungu hukaa hata mchana. Kwetu Rungwe, mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Msichana anayetumia vitambaa hufundishwa avifue kwa sabuni na maji safi, avianike juani mpaka vikauke kabisa, maana kitambaa chenye unyevu hufuga vijidudu na kuvu, nacho huweza kumletea mwasho na vidonda. Atavianika wapi? Kwa haya huvificha chini ya nguo nyingine au chini ya godoro, navyo havikauki. Anayetumia pedi naye ana shida ya bei. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha kwa kuwa bei haikushuka kwa mnunuzi. Elimu bila maji, sabuni na mahali pa kuanika humwacha msichana akijua lililo jema pasipo uwezo wa kulitenda.

Kwa hiyo nina maombi machache. Kwa uongozi wa shule: tupatiwe kamba ya kuanikia yenye paa na iliyozungushiwa uzio nyuma ya bweni, na pipa lenye kifuniko katika kila choo. Kwa walimu: somo hili, kwa miwani au bila miwani, litolewe kidato cha kwanza, tena kwa Kiswahili. Kwa wazazi: likizo ijayo mzungumze nasi, na akina baba pia, kwa kuwa mnunuzi wa sabuni na pedi mara nyingi ni ninyi. Kwa wavulana watakaolisoma gazeti hili, iwe ni kaka zetu nyumbani au wenzetu wa shule za jirani: msimcheke dada aliyechafua sketi. Mwazimeni sweta ajifunge kiunoni, mwendelee na safari.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Tumeficha kwa muda mrefu, na waliolipa gharama ni wale wanaokosa masomo siku kadhaa kila mwezi. Mtihani wa kidato cha nne hautawaongezea siku hizo.