Acha Maji Yaive

Oya wana wa Bukene, kufuga samaki wa mapambo geto siyo mchongo wa mabosi wa Masaki peke yao. Mimi nilianza na vioo vya fundi alumini, na sasa nimedata mazima.

Mwanzo nilichemka. Nilijaza maji kwenye tangi jipya, na siku hiyohiyo nikamwaga gapi wanane walioletwa na basi kutoka Mwanza. Siku ya nne asubuhi watano walikuwa wanaelea, mapezi yamekunjamana. Iliniuma kinoma. Nikadhani wameumwa, kumbe ni pupa yangu.

Iko hivi. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua, na amonia ni sumu. Bwawani kuna bakteria wa kuigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni noma, halafu kundi lingine linaigeuza nitreti, na hiyo kidogo samaki anaivumilia. Tangi jipya halina hao masela. Inachukua wiki nne mpaka sita wajazane kwenye sponji ya filta na kwenye changarawe. Mimi naita maji kuiva. Kipindi hicho unadondosha kapunje ka chakula kila siku, samaki hakuna, kanaoza humo, bakteria wanapata msosi.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 60, upana 30, kimo 30. Hizo ni lita 54, yaani kilo 54 za maji matupu, kwa hiyo sahau stuli ya plastiki, panga tofali. Mwambie fundi asiweke silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuvu, itakuulia samaki. Ikishakauka siku mbili, jaza maji ukiwa nje na uliache likeshe, uone kama linavuja. Maji ya bomba yakae siku nzima kwenye ndoo wazi klorini itoke. Hita ya nini? Gapi anataka nyuzi 24 mpaka 28, na jua la hapa unalijua. Ila Juni na Julai usiku unapoa, tangi lisikae dirishani, na ulifunike blanketi. Umeme ukikata, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, hewa iingie. Gapi sita wanatosha. Kila wiki badili robo ya maji, na sponji ioshe kwenye maji uliyotoa tangini, siyo ya bomba, klorini itawamaliza bakteria wako.

Sasa kilichonidatisha kabisa ni furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Kule ziwani furu walikuwa wa aina mamia. Miaka ya 1950 sangara wakapandikizwa Ziwa Victoria, baadaye wakazaana kupita kiasi, wakawatafuna furu, na maji yaliyochafuka yakaongeza balaa. Inakadiriwa aina kama 200 zimepotea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walikuwa Mwanza tangu 1977, wakaliona hilo kwa macho. Na wana, kuna furu wa ziwa letu ambao wamehifadhiwa kwenye matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani, wanazaliana humo kizazi baada ya kizazi. Nilipolijua hilo nililitazama tangi langu kwa jicho lingine. Jike la furu linabeba mayai mdomoni, halili, mpaka vitoto viweze kuogelea vyenyewe. Nataka kuyaona hayo hapahapa Bukene.

Ndiyo maana ukiwachoka gapi, tafuta mshkaji umpe. Usiwamwage bwawani wala mbugani maji ya mvua yakijaa. Sangara naye aliletwa na watu.

Tangi la pili nimeshalisimamisha, lita 200, tofali chini, mawe makubwa ndani furu wapate pa kujificha. Nimekata kipande cha sponji ya tangi la kwanza nikakitia kwenye filta mpya, bakteria waanze na mtaji. Hii ni wiki ya tatu. Jana jioni maza alichungulia mlangoni, akaona taa inawaka, maji yanacheza, mawe tu.

"Mwanangu, samaki wako wapi?"

"Bado, mama. Maji hayajaiva."

Akavuta kigoda, tukakaa tunayatazama.